Ushuru wa korosho ghafi ujenge ubanguaji: barua ya wazi

Kwa:
Waziri wa Kilimo,
Waziri wa Fedha,
Waziri wa Viwanda na Biashara,
Bodi ya Korosho Tanzania, Mtwara.

Nakala: Waheshimiwa wabunge wa Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani.

YAH: USHURU WA KOROSHO GHAFI NA HATIMA YA UBANGUAJI NCHINI

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Newala. Mikorosho ninayoitunza mingine ilipandwa na babu, na mama yangu aliwahi kuwa mbanguaji kiwandani. Kwa hiyo pande zote mbili za jambo hili nimezikuta nyumbani: upande wa mwenye shamba anayesubiri bei ya mnada, na upande wa mwenye kulipwa kwa kilo alizobangua.

Ninachoomba ni hiki. Ushuru unaotozwa kwenye korosho ghafi zinazokwenda nje utengwe kwa sheria, usiwe wa kubadilishwa kila bajeti inaposomwa, na sehemu yake kubwa iwe mtaji wa wabanguaji wa ndani kununulia korosho. Na mpaka viwanda vyao viweze kununua mzigo wote kwa bei ya ushindani, msitupigie marufuku ya kuuza ghafi. Maombi haya mawili yanakwenda pamoja. Viongozi wengi wanapozungumzia korosho nasikia moja bila jingine, na ndiyo sababu nimeona niandike.

Tuanze na mizani. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi zikibanguliwa hutoa takriban kilo moja ya punje safi. Kinachobaki, yaani robo tatu ya uzito au zaidi, ni ganda gumu na ngozi nyembamba ya ndani. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna tani 313,000, na msimu wa 2024/25 tukavuka tani 500,000. Sehemu kubwa mno ya mavuno hayo iliondoka ghafi. Maana yake tunalipia gunia, lori, ghala, makuli na meli ili kuvusha mamia ya maelfu ya tani za maganda upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Huko yanavunjwa, punje zinapangwa madaraja, zinafungwa, kisha zinapakiwa melini upya kwenda Ulaya na Marekani. Hata magunia ya jute tunayopakia yanaagizwa kutoka nje, na salfa tunayopulizia mikorosho nayo inateremshwa bandarini. Katika biashara hii ya mipakani tunauza kilicho na bei ndogo kuliko vyote na tunanunua karibu kila kinachohitajika ili kukiuza.

Vietnam mwaka 2024 iliuza nje punje za korosho zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 4. Mikorosho yake haitoshi. Sehemu kubwa ya korosho inazobangua inazinunua Ivory Coast, Kambodia, Nigeria na kwetu. Kollam, katika jimbo la Kerala nchini India, vizazi vya wanawake vimeishi kwa kubangua, na korosho za Mtwara zilikuwemo kwenye meza zao tangu enzi za ukoloni. Siwaonei wivu wanawake wale. Ninachosema ni kwamba ile kazi wanayoifanya inatoka katika vijiji vyetu, ikiwa imefungwa ndani ya gunia pamoja na korosho.

Na hatukukosa viwanda. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 Serikali ilikopa, Benki ya Dunia ikiwa mmoja wa wakopeshaji, ikajenga viwanda 12 vya kubangua kwa mitambo ya Italia na Japani. Vilikuwa Mtwara, Newala, Masasi, Nachingwea, Lindi, Tunduru, hadi Kibaha na Dar es Salaam, na kwa pamoja vilikusudiwa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilipokuwa tayari, korosho hazikuwepo. Mavuno yaliyofika tani 145,000 msimu wa 1973/74 yalishuka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima haikumpa sababu ya kupalilia, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukala maua. Vipuri vya mitambo vilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Baadaye viwanda vikauzwa kwa watu binafsi, na vingi vikaishia kuwa maghala. Majengo yaliyojengwa kwa mkopo wa taifa ili yabangue, leo yanahifadhi magunia yanayosubiri meli.

Hali ya sasa ni kinyume cha ile ya mwaka 1985. Korosho zipo, tena nyingi kuliko wakati wowote. Majengo yapo, na mengine yanapangwa katika kongani ya viwanda ya Maranje. Bandari ya Mtwara imepata gati jipya la mita 300. Kinachokosekana ni fedha ya kununua korosho katika wiki zile zinapouzwa. Hapa naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu naamini ndipo penye tatizo lenyewe, na hotuba nyingi za ufunguzi wa viwanda hupapita haraka.

Minada yetu inaanza Oktoba na mzigo mwingi unakuwa umekwisha ifikapo Januari. Kiwanda kinachotaka kuwapa watu kazi miezi 12 hakina budi kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi hiyo michache. Chukua kiwanda cha kawaida tu, cha kubangua tani 5,000. Kwa bei ya shilingi 4,000 kwa kilo, kama zile zilizofunguliwa minadani Oktoba 2024, kinahitaji shilingi bilioni 20 kabla hakijalipa mshahara wa mtu mmoja. Kikikopa kwa riba ya asilimia 15 na deni likakaa mwaka, riba peke yake ni bilioni 3. Sasa kiwanda hicho kinaingia kwenye mnada mmoja, siku moja, na msafirishaji wa korosho ghafi aliyekopa kwa dola, ambaye fedha yake inarudi meli ikishafika. Yeye anahitaji mkopo wa wiki kadhaa, mbanguaji anahitaji wa mwaka. Hata mbanguaji awe hodari namna gani, katika mnada huo anashindwa kabla zabuni haijafunguliwa.

Akishinda na akabangua, anakutana na ukuta mwingine. India, ambayo ni mlaji mkubwa wa korosho, inatoza ushuru mkubwa zaidi kwenye punje zilizobanguliwa kuliko kwenye korosho ghafi. Inalinda wabanguaji wake, na ni haki yake. Lakini ina maana kwamba soko hilo kubwa limefunguliwa kwa ghafi yetu na kuegeshwa mlango kwa punje zetu. Waziri wa Viwanda na Biashara, kila mnapokaa na wenzenu wa New Delhi, jambo hili liwe la kwanza mezani. Tunayo nguvu ya kulisemea. Korosho zetu zinavunwa Oktoba hadi Januari, wakati mikorosho ya India, Vietnam na Afrika Magharibi inavunwa kuanzia Februari. Katika miezi ile viwanda vyao vinatuhitaji sisi.

Nije kwenye ushuru. Sheria inatoza asilimia 15 ya thamani ya korosho ghafi bandarini, au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Mnunuzi wa nje haulipi kutoka mfukoni mwake. Anaupiga hesabu kwanza, anautoa kwenye bei atakayoipata kule, ndipo anaandika bei ya mnada. Anayeulipa ni mwenye mkorosho, pamoja na makato mengine yote anayoyakuta kwenye malipo yake: chama cha msingi, chama kikuu, halmashauri, ghala, usafiri. Naukubali ushuru huo. Naukubali kwa sababu ulipowekwa tuliambiwa kazi yake ni kuifanya korosho ibanguliwe hapa na kuiendeleza tasnia. Asilimia 65 yake ilikuwa inarudi kwenye korosho. Juni 2018 Bunge likabadilisha, fedha yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali, ingawa wabunge wa Kusini walisimama kuipinga hoja hiyo hadi sauti zikawakauka.

Najua miaka ya karibuni salfa na viuatilifu vimetolewa bure, na nashukuru kwa dhati, kwani shamba langu limenufaika. Lakini kinachotolewa kwa bajeti ya mwaka huu kinaweza kuondolewa na bajeti ya mwaka ujao, na mbanguaji hawezi kwenda benki na ahadi ya namna hiyo. Sheria inampa kitu cha kushika. Ivory Coast, ambayo imevuka tani milioni moja kwa mwaka na ndiyo ya kwanza duniani kwa uzalishaji, ilichagua kuwasaidia wabanguaji kwa kila kilo ya punje wanayouza, na kuwapa nafasi ya kununua kabla ya wasafirishaji. Kiasi kinachobanguliwa huko kimekuwa kikipanda. Sidhani kwamba wana akili kutuzidi. Walichagua jambo moja wakalisimamia misimu kadhaa mfululizo.

Jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma wanayo habari yao pia. Miaka ya 1990, Msumbiji ilibanwa na Benki ya Dunia ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, kwa hoja kwamba mkulima angepata bei nzuri zaidi. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani, na nyongeza iliyomfikia mkulima ikawa ndogo sana kwa sababu wafanyabiashara wa kati waliimeza. Mwaka 1999 bunge lao likaurudisha ushuru kati ya asilimia 18 na 22, na baadaye viwanda vidogo vikaanza kuinuka Nampula. Nalisema hili kwa wale watakaosoma barua yangu na kudhani kuwa dawa ni kufuta ushuru. Kufuta kumeshajaribiwa, na si mbali na hapa.

Lakini dawa ya upande wa pili nayo tumeionja. Oktoba 2018 bei za minadani zilikuja chini ya shilingi 3,000, baada ya msimu uliotangulia kuvuka 4,000. Wakulima walikataa kuuza. Novemba Rais Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Siku ile tulishangilia, wala sitaikana furaha hiyo. Bei ya 3,300 ilikuwa heshima kwa mkulima. Kilichofuata kilitufundisha: korosho zilikaa maghalani, viwanda vya kuzibangua havikuwa na uwezo wa hata sehemu ndogo ya mzigo ule, mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni ya Kenya uliotiwa saini Januari 2019 ukavunjika, na wapo wakulima waliosubiri malipo kwa miezi mingi huku ada za watoto zikidaiwa. Waliofaidika katika kusubiri huko walikuwa watu wa kangomba, waliopita vijijini wakinunua kwa bei ya kutupa kwa mwenye shida ya siku hiyo.

Ndiyo maana naogopa kila ninaposikia mwaka fulani umetajwa kuwa mwisho wa kuuza ghafi. Mkipiga marufuku kabla ya viwanda kuwa na fedha, mnunuzi wa nje ataondoka mnadani na tutabaki na wanunuzi wachache wa ndani, ambao hata wakiwa watu wema watanunua kwa bei wanayoiweza. Msimu wa 2022/23 bei ilizunguka shilingi 2,000, na wapo walioacha kupulizia salfa mwaka ule kwa sababu hesabu haikulipa. Mkorosho ukiachwa, ubwiriunga hausubiri tangazo. Historia ya miaka ya 1980 itajirudia: viwanda vitakuwepo, korosho zitapotea. Mwacheni mnunuzi wa nje abaki kwenye mnada, alipe ushuru, na ushuru huo huo umjengee mshindani wake.

Kuhusu wabanguaji wenyewe, nataka tuseme ukweli. Ajira tutakazozipata hazitakuwa nyingi kama zile zilizoahidiwa miaka ya 1970. Vietnam imeshinda kwa mashine za kubangua, na Kollam viwanda vingi vilifungwa viliposhindwa kushindana nazo. Tukirudisha mikono mitupu dhidi ya mashine tutashindwa vilevile. Hata hivyo kazi ya kumenya ngozi ya ndani, kuchagua punje nzima na vipande, kupanga madaraja, kufungasha, kutunza mitambo na kupima ubora bado inahitaji watu, na watu hao wapo. Wengi ni wanawake. Nawaomba mweke masharti kwa kila kiwanda kitakachopewa mtaji huu: glovu, vyumba visivyojaa moshi, mikataba ya kazi iliyoandikwa, na malipo ya kilo yanayomwezesha mtu wa kasi ya kawaida kufikia kima cha chini cha mshahara. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Mama alikuwa akipaka majivu viganjani kabla ya kuanza, na bado vidole vyake vilibaki vyeusi vyenye magamba muda mrefu baada ya kuacha kazi ile. Nisingependa binti yeyote wa Newala aingie kiwandani leo kwa masharti yale.

Mazingira pia yako ndani ya jambo hili, ingawa hayatajwi sana tunapozungumzia bei. Salfa tunayopulizia alfajiri wakati wa maua imeokoa zao hili, na watafiti wa Naliendele wanastahili shukrani yetu. Lakini tangu miaka ya 1990 utafiti umeonyesha kuwa salfa inayoanguka chini inaongeza tindikali kwenye udongo wetu wa kichanga, na kwenye udongo huo huo tunapanda muhogo, mbaazi na karanga. Chakula chetu kinalipa sehemu ya gharama ya zao la nje. Fedha ya ushuru ndiyo ingepaswa kulipia upimaji wa udongo kijiji kwa kijiji, chokaa pale inapohitajika, na miche inayovumilia ugonjwa.

Na ganda, ambalo tunalisafirisha kama mzigo usio na maana, wenzetu wanalitoa mafuta yanayotumika kutengeneza breki, rangi na vanishi, kisha makapi yake wanayachoma kwenye boila za kiwanda. Nchi yetu ina mkakati wa nishati safi ya kupikia hadi mwaka 2034, na misitu ya Kusini inaendelea kuwa mkaa. Makapi ya maganda yaliyokamuliwa mafuta vizuri yanaweza kuwa mkaa mbadala. Nasema yaliyokamuliwa, kwa sababu ganda bichi likichomwa hovyo moshi wake unawasha macho na kifua, na kiwanda kikijengwa katikati ya makazi bila usimamizi wa Baraza la Taifa la mazingira (NEMC) tutakuwa tumehamishia kwetu uchafu wa kazi pamoja na kazi. Mabibo nayo, yenye uzito mara nyingi kuliko korosho yenyewe, yanaozea mashambani kila mwaka isipokuwa yale yanayogeuzwa uraka na gongo. Hilo linahitaji barua yake.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, nawaomba yafuatayo yafanyike kabla ya msimu ujao. Waziri wa Fedha alete bungeni marekebisho yatakayorudisha sehemu kubwa ya ushuru wa korosho ghafi kwenye tasnia, kwa asilimia iliyotajwa ndani ya sheria. Sehemu hiyo iwe dhamana na mkopo wa riba nafuu wa kununulia mzigo, upitie benki, na mkopaji aonyeshe kilo alizobangua na watu aliowaajiri kabla ya kukopa tena. Asiyebangua, akauza ghafi aliyoinunua kwa fedha hiyo, aondolewe kabisa. Vyama vyetu vikuu, TANECU, MAMCU, RUNALI na vingine, viruhusiwe kuomba kama wabanguaji wengine, kwa sababu kiwanda cha ushirika ndicho ambacho faida yake inaweza kumrudia mkulima kama malipo ya pili. Bodi ya Korosho iwape wabanguaji wa ndani minada yao ya kwanza ndani ya mfumo wa Soko la Bidhaa, lakini kwa bei isiyopungua ile itakayopatikana kwenye mnada wa wazi unaofuata, tofauti ikijazwa kutoka kwenye ushuru. Hapo mbanguaji anapata mzigo, na mkulima hapotezi shilingi.

Na hesabu zitangazwe. Kila mwaka, kabla mnada wa kwanza wa Oktoba haujafunguliwa, tubandikiwe kwenye mbao za matangazo za vyama vya msingi, kwa Kiswahili: ushuru uliokusanywa msimu uliopita ni shilingi ngapi, umekwenda wapi, na tani ngapi zimebanguliwa nchini. Wakulima tunajua kusoma stakabadhi za ghala, na hizo pia tutazisoma.

Nasubiri majibu yenu hadharani, kama nilivyowaandikia hadharani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara.